Shati Jeupe kwenye Kona ya Mfinyanzi

Jina langu ni Eli, lakini nyie vijana mnaoendesha magari ya mlimani mnaniita Shati. Mkipita kibandani kwangu hapa stendi ya Same, ninapoziba pancha, mnapiga honi, mnatoa kichwa dirishani: "Shati, taa inawaka?" Kisha mnacheka, mnaondoka. Wengi wenu hamjui mnachocheka. Mmelikuta jina mkalichukua, kama mlivyoikuta lami. Leo nawaandikia mjue. Shule sikwenda mbali, darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Ila habari ya gari na utelezi naijua. Nilichojifunzia natembea nacho: nyonga hii ya kushoto, inayonifanya niende kama bata.

Niliseme mapema nililokuwa nalitaka, msije mkalitafuta. Nilitaka Mzee Zefania apande tena gari nililolikagua mimi. Basi. Radhi tulishaombana kwa mdomo, hilo liliisha. Mimi nilitaka aketi, afunge mlango, gari liondoke. Miaka yote hii hakufanya hivyo. Akisikia gari fulani nimelitazama mimi, hata kama ni kukaza nati tu, alisubiri lingine. Lisipokuwepo, alianza kupanda kwao Suji, kule mlimani, kwa miguu na ule mguu wake uliopinda, na mimi nikamtazama mgongo hadi apotee.

Mzee Zefania ndiye aliyenifundisha kazi. Aliendesha landrova tangu barabara ya mlimani ikiwa haina jina zuri la kuitwa barabara. Nilipomwendea anifundishe, nilidhani nitashika usukani siku ile ile. Alinitupia gunia, akasema, "Lala chini."

"Nilale, mzee?"

"Chini ya gari. Ukitoka huko uniambie umeona nini."

Nikatoka na kumwambia nimeona vyuma. Akanirudisha. Nikatoka tena, nikamwambia nimeona vyuma vyenye mafuta. Akanirudisha. Msimu mzima nilisomea mgongoni, nikitazama juu, hadi nikajua propela ya mbele, chuma kile kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, inaingia wapi na ya nyuma inatokea wapi, bomba la breki linapita wapi, na mafuta ya difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu, yakivuja yananuka vipi. Wenzangu walinicheka, wakasema Zefania anafundisha ufundi wa mochwari. Lakini kila alipofika chini ya mlima, kabla ya kupanda, mvua au jua, yule mzee alikuwa anashuka, anatandika gunia lake, analala chini na kuangalia. Hakuna abiria aliyemharakisha akapanda naye tena.

Sasa gari langu. Lilikuwa mkonga, lile refu ambalo abiria wa nyuma wanakaa wakitazamana, na bomba la hewa limepanda ubavuni. Mfumo wake ni wa zamani. Siku zote linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukitaka ya mbele nayo yavute, unashuka, unachuchumaa kwenye kila gurudumu la mbele, unakizungusha kile kifungo cha katikati kwa vidole mpaka kikae kwenye alama ya kufunga. Unarudi ndani, unavuta ule mkono mdogo ulio kando ya gia. Hapo mbele na nyuma vimefungwa pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira: mmoja akikanyaga pa kuteleza, mwenzake anamvuta. Kwenye tope refu la mlimani sijaona mfumo wa kuushinda.

Ubaya wake ni kwenye ardhi kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanataka kwenda njia ndefu kuliko ya nyuma, na nira haikubali. Gari linajikaza, linaruka ruka, na ukilazimisha unavunja kitu. Mzee Zefania aliugeuza ubaya huo kuwa kipimo. "Ukishafunga, kata kona polepole hapa kwenye changarawe," aliniambia. "Likigoma kama mbuzi anayepelekwa mnadani, ujue mbele kupo. Likizunguka laini kama siku zote, shuka ulale, kuna kitu kimekukimbia."

Mfumo wa pili ni ule wa kuvuta manne wakati wote, kama wa mashangingi. Hakuna cha kushuka wala kuzungusha kifungo. Katikati ya gari kuna difu inayoacha mbele na nyuma viende kila kimoja na mwendo wake, ndiyo maana kwenye lami yenye maji unakaa raha mustarehe. Lakini difu hiyo ukiiacha wazi ina tabia moja: inapeleka nguvu kule kusikokuwa na kazi. Gurudumu moja likikosa pa kushika, linazibeba nguvu zote na kuzungukia hewani. Lazima uifunge, kwa mkono au kwa kibonyezo, na uifunge kabla hujazama.

Hilo nililishuhudia Kwakoa, kwenye ile mbuga nyeusi ya kuelekea ziwani. Heriel, aliyekuwa mwenye magari tuliyoendesha, mkonga wangu ukiwa mmojawapo, alikwenda kutazama ng'ombe na shangingi lake. Mvua ndogo tu, likazama. Tulipofika na Mzee Zefania, Heriel yuko ndani kakanyaga mafuta, gurudumu moja la nyuma linazunguka kama feni, tope linatua kwenye kofia za Wamasai waliokuja kutazama. Anapiga kelele, "Hili ni foo wili ya kudumu! Linavuta manne!"

Mzee Zefania akalizunguka gari taratibu. "Naona," akasema. "Moja liko kazini, matatu yako kwenye kikao."

Wale wafugaji walicheka mpaka wakashikana. Mzee akaingiza mkono ndani, akabonyeza kibonyezo cha kufunga difu ya katikati, akasema, "Sasa ondoka kwa unyenyekevu." Gari likatoka. Heriel hakucheka wala hakushukuru. Mkumbukeni huyo Heriel, namrudia.

Mfumo wa tatu ni hivi vigari vyenu vya kisasa. Vinavutwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma yamelala. Ya mbele yakiteleza, kompyuta inayaamsha ya nyuma, kwa njia ya visahani vinavyobanana kule karibu na difu ya nyuma. Sivitukani. Kwenye nyasi mbichi za uwanja wa kanisa, kwenye utelezi mfupi wa mita chache, vinafanya kazi vizuri na dereva wala hajui. Shida ni mambo mawili. Kwanza, vinaamka baada ya kuteleza, na kwenye kona ya mlima hiyo baada imechelewa. Pili, ukivikalia kwenye mteremko mrefu wa udongo wa mfinyanzi, visahani vinapata moto, taa inawaka kwenye dashibodi, na magurudumu ya nyuma yanarudi kulala wakati unayahitaji. Vingi vina kibonyezo cha kuyafunga. Kibonyeze ukiwa bado mahali pakavu. Mguu uwe mmoja, usikanyage na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Na hili mlishike kuliko yote: mifumo hii yote ni ya kuondokea. Ya kusimamia ni breki, na breki za gari la bei kubwa na za kigari kidogo zinateleza sawasawa. Nimewaona wanaopanda kwa fahari na kushukia shambani kwa mtu. Kushuka ni gia nzito, mguu mbali na breki, na moyo wa polepole.

Haya. Siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya masika. Binamu yangu Eliapenda alikuwa anaoa Suji, na mimi ndiye msimamizi wake. Nilinunua shati jeupe hapa Same, la kola ngumu, nikalivaa asubuhi stendi ili kila mtu alione. Nikasimama mlangoni mwa mkonga nikiita abiria: "Suji! Suji! Foo wili ya ukweli, hakuna kushuka, hakuna kusukuma!" Wakaja. Nusu yao walikuwa wanakwenda harusini, wana masufuria, makreti ya soda, na mama mmoja ana keki kwenye boksi ameipakata kama mtoto mchanga. Mzee Zefania, wakati huo kaishaacha kazi, alikuwa anarudi nyumbani. Nikampa kiti cha mbele, kama ilivyo ada.

Chini ya mlima mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Changarawe yote imefunikwa na tope, hapakuwa na mahali pa kukata kona nikasikia gari linagoma. Nikashuka kwa uangalifu, nikavizungusha vifungo vya mbele kwa vidole viwili huku nimejitenga na gurudumu nisichafuke. Vikazunguka, vikakaa. Nikarudi ndani, nikavuta mkono mdogo. Ukaingia, kakk. Taa ya kijani ikawaka.

Mzee Zefania akaniuliza, "Umelala chini?"

"Mzee, taa inawaka."

"Nimekuuliza chini, sikukuuliza taa."

Nikaonyesha kifua changu. "Mzee, shati."

Watu nyuma wakacheka. Yule mama wa keki akasema, "Mwache bwana, huyu leo ni bwana harusi wa pili." Nami nikacheka. Mzee Zefania akatazama nje dirishani, na gunia langu la kulalia lilikuwa limekunjwa chini ya kiti chake mwenyewe, linamgusa visigino.

Kama ningelala chini ningeona tundu. Propela ya mbele haikuwepo. Fundi Shedrack aliitoa wiki ile ile kwa amri ya Heriel, wakaifunga kwenye mkonga mwingine wa Heriel uliokuwa unabeba mizigo Kwakoa. Hawakuniambia. Na mimi, siku zile za katikati, niliona gari limekuwa jepesi, halingurumi, halitetemi, nikafurahi. Nikamwambia Shedrack, "Fundi, grisi uliyoweka juzi ni ya wapi? Gari limekuwa tamu." Akaniambia, "Ya kawaida tu." Akainamia kazi yake.

Sasa mtauliza, taa iliwakaje? Swichi ya ile taa iko kwenye giaboksi. Inakuambia kwamba mkono umeingia mahali pake. Haina habari na gurudumu. Vifungo vya mbele navyo vitazunguka hata kama mbele yake hakuna kitu. Kila nilichokigusa kilinijibu ndiyo. Chuma kile kimoja ambacho kingenijibu hapana kilihitaji nilale kwenye tope.

Kona ya Mfinyanzi mnaijua. Ndipo akina mama wanapochimba udongo wa vyungu. Udongo huo ukilowa ni kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Nikaingia kwa gia nzito, na kabla ya katikati ya kona mkia ukaanza kwenda pembeni, upande wa korongo.

"Simama!" Mzee Zefania akasema. Nikasimama. "Watu wote chini! Wote! Acheni vyombo!"

Watu wakashuka wakinung'unika, wakakumbusha kwamba niliahidi hakuna kushuka. Mzee naye akashuka. Sikumwambia ashuke. Madereva wa rika lake ndivyo walivyo, gari likiteleza anayejua ndiye anayeweka jiwe. Akaokota jiwe kubwa la kwenye ukuta wa mlima, akaenda nyuma ya gurudumu. Nikasikia amelibwaga. Nikakanyaga mafuta.

Gia nzito ina nguvu nyingi, na nguvu zote zile zilikwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Yakazunguka papo hapo, yakasugua tope likazidi kulainika. Na mzee kule nyuma, akiwa ameinama, akatazama chini ya gari mpaka mbele, akaona nisichokiona. Akapaza sauti: "Eli! Mbele haizunguki! Acha! Mbele haizunguki!"

Nilisikia. Maneno yaliingia sikioni, lakini mguu ulikuwa tayari umeshuka, na kichwani nina watu pale kando wanaonitazama na shati langu. Nikaongeza. Gari likageuka kidogo, likaliruka jiwe, likarudi kinyumenyume. Nilisikia sauti ya mzee ikikatika. Halafu migomba, migomba, na mimi nimelala ubavu na usukani uko juu yangu.

Ikapigwa pembe. Huko kwetu pembe ikilia ni msaragambo: kila mwenye nguvu anatoka, kazi ni ya wote. Kwa kawaida watu wanakuja na majembe, kuzibua mfereji au kufukia mashimo ya barabara. Siku ile walikuja na kamba na miti ya kuchongea machela. Walikuja mpaka watu wa harusi, na suti zao, na viatu vyao. Binamu yangu Eliapenda alikuja na ua kifuani, akaingia korongoni. Mzee Zefania alikutwa amelala kando ya barabara, mguu umevunjika chini ya goti sehemu ambazo sitaki kuzielezea. Mimi walinitoa dirishani, nyonga imehama, wakanilaza kwenye kanga ya mtu.

Kila mtu pale alikuwa ametapakaa tope hadi kiunoni. Mama Nakiete, mfinyanzi wa pale pale, ndiye mwenye kanga ile. Aliniinamia aone kama nina damu, akanigeuza, akanitazama kifuani. Akasema, si kwa ubaya, alisema kama mtu anayeshangaa tu: "Jamani. Shati lake bado jeupe."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Wote waligeuka wakanitazama, na mimi nikatamani kuinua mkono nichote tope nijipake, mkono haukutii. Jina lenu mlilolikuta lilizaliwa hapo.

Walimbeba mzee kwanza. Machela ilipopita karibu yangu aliwaambia wasimame. Nilidhani atanitukana. Aliniambia kwa sauti ndogo, vile mtu anavyomwambia fundi ubovu wa gari: "Eli. Mbele haikuzunguka." Wakaendelea naye.

Nikiwa wodini, Heriel alikuja na mkate na juisi. Nikamwuliza, "Bosi, propela yangu ya mbele iko wapi?"

"Ipo Kwakoa. Inafanya kazi."

"Ungeniambia."

"Kwani wewe dereva hukagui gari lako?"

Nimemchukia Heriel kwa mambo mengi, lakini kwa lile nimemchukia zaidi, kwa sababu mtu mwovu alinikuta na la kuniambia. Alijua gari linapanda mlima wakati wa masika na miguu miwili, akalala usingizi. Leo anakaa viti vya mbele na akisimama kutoa salamu watu wananyamaza. Namtaja: Heriel. Akitaka kuja kunikanusha kibandani, aje, pancha nitamzibia, maneno nayo atayapata.

Na Shedrack namtaja. Yeye alikuja baadaye, akasimama mlangoni, hakuingia. "Eli," akasema, "mimi nilijua utaona. Nilisema moyoni, huyu ni dereva wa Zefania, lazima atalala chini."

Niambieni nyie, nimjibu nini mtu huyo? Alinitegemea. Alifanya uovu wake kwa kuniamini mimi. Nilimfukuza kwa matusi mpaka nesi akaja. Lakini usiku na mchana nimekuwa nikilitafuna neno lake, halimezeki wala halitemeki.

Sikuendesha tena magari ya abiria. Nikajifunza kuziba pancha, kazi inayonilaza chini kila siku, kama mnavyoniona na gunia langu. Mzee Zefania akapona kwa namna yake, na fimbo. Tukikutana alinisalimu vizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba Eli, hujambo." Habari za nyumbani, habari za mvua. Ila kupanda gari nililoligusa, hapana.

Basi masika haya yaliyopita, alishushwa Same kutibiwa macho. Mjukuu wake Namsifu, ambaye ni mwalimu hapa mjini, akasema atamrudisha mwenyewe Suji na kigari chake kipya cha kubonyeza. Mvua inanyesha. Nawaona wako pale upande wa pili wa stendi: binti kashika mlango, mzee kakaa kwenye benchi la muuza chai, hanyanyuki.

"Babu, twende, tutachelewa."

"Nani amelala chini?"

"Babu jamani, hili lina kompyuta. Likiwa na tatizo linaandika hapa mbele."

Mzee akanyoosha fimbo kuelekea kibandani kwangu bila kunitazama. "Hata la yule lilikuwa na taa."

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Nanyi mlikuwepo, baadhi yenu. Namsifu akavuka barabara, ana aibu kwa niaba yangu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Naomba ukaniangalizie gari. Babu hataki kupanda."

"Akijua nimeangalia mimi ndiyo hatapanda kabisa, mwanangu."

"Amesema nikuite wewe."

Nikamtazama mzee. Alikuwa anapuliza chai.

Gunia langu niliacha kibandani. Sijui kwa nini, sikutaka kitu katikati. Nililala kwenye tope la stendi, chali, nikajivuta chini ya kile kigari kilivyo kifupi, mkuki wa maji machafu ukaniingia shingoni. Propela ilikuwepo. Nikaishika, nikaitikisa, haikuwa na ulegevu. Nikamwambia Namsifu aweke gia huru, aachie hendibreki, asukume gari kidogo. Nikaiona inazunguka juu ya pua yangu. Pale kwenye visahani vya nyuma hapakuwa na mvujo. Bomba za breki, kavu. Nikajivuta nje, nikapunguza upepo kidogo kwenye tairi zote ili zikanyage kwa upana.

"Shati limechafuka leo!" mmoja wenu akapiga kelele. Nakujua.

Nikasimama mbele ya mzee, tope linanidondoka.

"Ipo?" akaniuliza.

"Ipo, mzee."

"Umeishika?"

"Nimeishika, ikazunguka nikaiona."

Akanywa chai yake ikaisha. Akanyanyuka na fimbo. "Namsifu ataendesha," akasema. "Huyu atakuja naye."

"Akae wapi, babu?"

"Nyuma. Na jiwe lake."

Kwenye Kona ya Mfinyanzi tulisimama chini, pagumu pasipoteleza. Nikamwambia Namsifu abonyeze cha kufunga magurudumu ya nyuma, na kile kinachopunguza nguvu za injini gari likiteleza akizime. Mguu mmoja, bila haraka, usukani usizungushwe hovyo. Nikashuka na jiwe nililolichagua Same. Nikamfungulia mzee mlango ashuke naye, maana ndivyo inavyopasa.

"Mguu wa kushukia uliisha," akasema. "Funga mlango, mvua inaingia."

Nikaufunga. Yeye ndani, mimi nje.

Kigari kilipanda vizuri, vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilikifuata nikichechemea, ubavuni, upande wa ukuta wa mlima. Msisimame nyuma ya gari hata siku moja, jiwe linawekwa kutokea pembeni. Karibu na kilele cha kona nikasikia harufu ya moto, ile harufu ya visahani. Magurudumu ya mbele yakaanza kusugua. Namsifu akakanyaga breki kama nilivyomwelekeza, lakini gari halikusimama. Likaanza kurudi, polepole, upande ule ule.

Nilipiga magoti. Nikalisukuma jiwe chini ya gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, nikajitupa pembeni. Gurudumu likapanda jiwe kidogo, likatulia.

Dirisha likashuka. "Imeshika?" sauti ya mzee.

"Imeshika, mzee."

"Iache ipoe."

Dirisha likapanda. Hakutoa kichwa kutazama. Nilikaa pale kwenye tope, mkono juu ya jiwe, nikisikiliza injini na mvua, na nikimwona kupitia kioo, kisogo chake chenye kofia, kimetulia kama mtu aliye kanisani. Harufu ilipoisha nikagonga bati. Namsifu akaondoka kwa mguu mmoja, kigari kikang'ata, kikapanda, kikaimaliza kona.

Nikalinyanyua jiwe nikawafuata. Lilikuwa zito na nyonga iliniwaka. Juu walikuwa wamesimama wananisubiri, mlango wa nyuma umefunguliwa kwa ndani, fimbo ya mzee imeuzuia usifunge. Nikataka kulitupa jiwe kando ya barabara nisichafue viti vya watu.

"Ingia nalo," Mzee Zefania akasema. "Huko mbele kuna kona nyingine."